Gundi Nyekundu ya Fundi Mkavu

Binadamu wengi huomba mali, au watoto, au walau usingizi. Fundi Mkavu yeye aliomba kitu kimoja tu, injini isivuje, na kwa miaka kumi na minne alijiona amejibiwa.

Jina la Mkavu alijipa mwenyewe, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu mashaka, maana jina la utani hasa hupewa na walimwengu, tena lile usilolitaka. Yeye alilichagua, akaliandika kwa rangi juu ya mlango wa gereji yake na kwenye turubai la mlango huo, na ukimwita jingine hageuki. Maana yake ni kwamba pikipiki iliyofungwa na mkono wake unaweza kuilaza sebuleni juu ya zulia jipya, na asubuhi usikute hata doa la oili. Mfukoni mwa ovaroli aliweka kitambaa cheupe kwa ajili hiyo. Kazi ikiisha alipiga magoti, akapangusa tumbo la injini kwa madaha, kisha akamwinulia mteja kitambaa usoni.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, fundi."

"Basi hiyo ndiyo kazi."

Mteja alikwenda zake amefurahi. Hakuna aliyemuuliza kama injini ni nzima. Waliuliza kama ni kavu. Ndivyo tulivyo, macho yakishashiba hatuna swali tena.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, mtu mpole, mzito wa maneno, ambaye kila alipokaza bolti alihesabu kwa midomo kama anayesali. Mkavu ndiye aliyembandika jina la Matone, kwa sababu injini zake zilitoa jasho dogo pembeni, tone moja, matone mawili kwa wiki. Matone hakuona haya. "Chuma kikitoka jasho si dhambi," alisema. Mkavu aliyasimulia maneno hayo kwa wateja wake kama kichekesho, na wateja walicheka, maana pikipiki zao zilikuwa bado ziko mikononi mwake.

Siri ya ukavu wenyewe ilikuwa gundi. Kila fundi ana gundi ya gasketi, ile inayopakwa pale vipande viwili vya injini vinapokutana ili oili isipenye. Wenzake walipaka utando mwembamba, wengine hawakupaka kabisa, gasketi ya karatasi iliwatosha. Mkavu alipaka kama mtu anayetia siagi kwenye mkate wa mgeni. Tena hakutumia ya kijivu kama wenzake. Yake ilikuwa nyekundu, iliyotoka duka la mbali, na mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Akikaza bolti, gundi ilibanwa ikafurika nje, naye aliifuta kwa kidole akaacha mstari mwekundu umezunguka injini vizuri kama wanja. Pikipiki yenye mstari ule ilijulikana hata ikiwa mbali imetoka kwa nani.

Sasa, gundi ikibanwa hufurika nje, na hufurika ndani vilevile. Jambo hili hata mtoto anayekula mkate wa siagi analijua. Matone aliwahi kumuuliza siku moja, taratibu, wakiwa wote wawili wamefuata maji ya kunawa kwenye bomba: "Jirani, ile inayoingia ndani huwa inakwenda wapi?"

"Ndani kuna wenyewe," Mkavu alijibu, na watu wa bombani wakaangua kicheko.

Ndani kweli kulikuwa na wenyewe. Oili ya pikipiki hukaa chini, tumboni mwa injini. Pampu ndogo huivuta kupitia chujio na kuipandisha juu kwa njia nyembamba kama mrija wa soda, mpaka kichwani, ambako kuna shafti inayozunguka kufungua na kufunga vavu. Oili isipofika kule, chuma hula chuma. Na ubaya wake ni kwamba dereva hana pa kulionea jambo hilo. Akichomoa kile kijiti cha kupimia, kinamwambia oili imejaa, na kweli imejaa, lakini huko chini. Kijiti hupima tumbo, hakipimi kichwa.

Yote haya Mkavu aliyajua, si mjinga. Alichokuwa hajui ni kwamba yanamhusu.

Pikipiki iliyomwumbua ilikuwa ya mama mkwe wake. Au tuseme ilikuwa ya marehemu baba mkwe, ambaye aliipenda kuliko alivyompenda mkwe, na baada ya mazishi mjane akamkabidhi kitinda mimba wake. Huyo kitinda mimba alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, ana mke na mtoto mmoja, na kwa ile pikipiki alisambaza mitungi ya gesi nyumba hadi nyumba. Kabla ya hapo alikuwa akibeba magunia kwenye mashine ya kusaga, na bega lake moja mpaka leo liko chini kuliko jingine. Mama alimpa ufunguo kwa sharti alilolisema mbele ya ukoo wote: pikipiki ya baba yake ikifa kwa uzembe, yeye mama ataitengeneza na kumpa kaka mkubwa, ambaye alikuwa ameitolea macho tangu siku ya arobaini.

Usiku ililala sebuleni kwa mama. Ndipo mama akaona tone kwenye sakafu yake. Mama huyu alikuwa ameuza mafuta ya taa kwa miaka ishirini na mitano, kwa koroboi na kwa chupa, na kitu alichokichukia duniani ni mafuta yaliyo mahali pasipo pake. Akamwita mkwe wake.

"Mkwe wangu, hii inanichafulia nyumba."

"Mama, hilo limekwisha," alisema Mkavu, ameinamisha macho kwa adabu. "Ungeniambia tangu zamani."

Matone, alipopita akaulizwa na kijana, alisema ni jasho tu, waweke gazeti chini yake. Lakini nani anaweka gazeti wakati ana mkwe fundi? Mkavu aliifungua injini, akapaka gundi mara mbili ya kawaida kwa kuwa ni ya ukweni, akaifunga, akapangusa kwa kitambaa cheupe mbele ya mama mkwe. Mama alikichungulia kile kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwandalia chai ya maziwa. Siku ile Mkavu alirudi nyumbani amejaa kama pishi.

Miezi mitatu ikapita sakafu ni safi. Kisha shemeji akaja gereji.

"Shemeji, kichwani inagonga. Asubuhi ikiwa baridi inanyamaza, ikipata moto inaanza, tak tak tak."

"Vavu hizo," alisema Mkavu bila kuinua kichwa. Akazikaza, akamrudishia.

Baada ya wiki mbili akaja tena. Kelele ilikuwa imezidi, na upande wa juu wa injini ulikuwa wa moto kiasi kwamba mate yalichemka. Gereji siku hiyo ilikuwa na watu, na Mkavu hakupenda kurudiwa mbele za watu.

"Wewe kazi yako mitungi, siyo? Kutwa nzima inagongana mgongoni kwako. Sasa sikio limezoea, hata ukilala unasikia tak tak."

Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka kidogo, kwa adabu, maana huyu ni mume wa dada yake. Akaondoka na tak tak yake. Siku ya nne baada ya hapo, pikipiki ilizima katikati ya mlima ikiwa na mitungi miwili, na alipokanyaga kiki, kiki haikushuka. Aliisukuma mpaka gereji jua la saa saba, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu.

Mkavu alikuwa na desturi ya kufungua injini mbele ya watu, kwa maneno mengi, kama mwuza dawa sokoni. Siku ile aliiangalia ile pikipiki, akamwambia shemeji aende nyumbani akapumzike, akateremsha turubai la mlangoni. Hakujiambia kwa nini. Mtu anaweza kujua jambo na bado asijiambie.

Alipofungua bolti ya chini, oili ilitoka lita nzima, safi, ya rangi ya asali. Aliitazama ikimiminika kwenye karai. Akafungua kichwa. Shafti ilikuwa imegeuka buluu na kukwaruzika kama mfupa uliotafunwa na mbwa, na kichwa chenyewe kimelika pale inapokalia. Kukavu huko juu. Kukavu kabisa, kama alivyokuwa akitaka siku zote. Akafungua upande wa chini akatoa chujio, na humo ndani akakuta minyoo myekundu ya gundi imejisokota, mingine minene kama tambi, imeziba chujio lote isipokuwa pembe moja. Akatazama njia ya kupandishia oili, nayo pia ina kipande kimekwama mdomoni.

Alikaa chini. Hilo lazima asemewe, kwamba alikaa chini na akaona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Kwa muda wa kama dakika tano Fundi Mkavu alikuwa mtu mwema. Alifikiri kumwita shemeji na kumwambia, "Nimekosea, nitaitengeneza." Maneno mawili tu. Halafu akaliona jina lake kwa upande wa ndani, herufi zimegeuka kinyume kwenye turubai kwa mwanga wa jua, na akamfikiria Matone akiyasikia hayo, na watu wa bombani. Dakika tano zikaisha. Akainuka, akaichomoa ile minyoo kwa kibano, akaitia kwenye kopo la takataka akaichoma. Ile oili safi akaimwaga kwenye pipa la oili chafu, akakoroga kwa fimbo. Kisha akainua turubai na kutuma ujumbe ukweni kwamba amegundua tatizo.

Walikaa sebuleni kwa mama, saa kumi za jioni. Mama kwenye kiti chake, kaka mkubwa karibu na mlango, mke wa Mkavu kwenye mkeka, na kitinda mimba amesimama. Mkavu alikuwa ameiweka ile shafti juu ya gazeti kama kitu cha msibani.

"Mama, oili ni damu ya injini," alianza. Alikuwa na sauti maalumu ya ukweni, laini, yenye majonzi. "Nimefungua bolti ya chini, haikutoka hata kijiko. Huyu bwana alikuwa anaendesha injini haina oili."

"Shemeji," kijana alisema, "asubuhi ile ile nilichomoa kijiti. Imejaa."

"Ulitazama kijiti au ulitazama simu?"

Kaka mkubwa alicheka. Kitinda mimba alimtazama Mkavu machoni, si kwa hasira, bali kama mtu anayengoja mwenzake amalizie utani. Mkavu alihamishia macho yake kwenye shafti.

"Mimi simlaumu," aliongeza. "Ujana. Na mama, kazi ya mikono yangu sitaki malipo, hii ni pikipiki ya baba."

Mama mkwe akamshukuru. Akamshukuru, jamani, akamwombea na baraka. Kisha akamgeukia mwanawe, akanyoosha mkono, na yule mtu mwenye bega moja lililoshuka akatoa ufunguo mfukoni akauweka kwenye kiganja cha mama yake. Ufunguo ule ulikuwa na kamba ya ngozi aliyoifunga baba yake. Ikipona, ingekwenda kwa kaka mkubwa. Jumatatu iliyofuata kitinda mimba alirudi kwenye mashine ya kusaga.

Nyumbani, mkewe alikuwa akifua ovaroli. Alisugua kola kwa muda mrefu kuliko kola inavyohitaji.

"Baba watoto, kweli hakuweka oili?"

"Mimi ni fundi au ni mganga wa ramli? Nimesema nilichokiona."

"Nimekuuliza tu. Yule mdogo wangu hajawahi kuiwasha bila kupima. Baba alimpiga kofi kwa hilo, mara moja, ikatosha."

"Watu hubadilika."

"Ndiyo," mkewe alisema. "Nakuona."

Mkavu alikwenda kukaa nje. Alijiambia kuwa mashine ya kusaga si jehanamu, kuna watu wanakufa wazee wakiwa wanabeba magunia. Alijiambia kaka mkubwa naye ana watoto. Alijiambia mengi, na njia ya mwongo ni fupi lakini mwenyewe huwa anaiona ndefu sana.

Kilichomponza ni sifa nyingine ya gereji yake. Ukutani aliandika, chini ya jina: CHUKUA SPEA YAKO YA ZAMANI. Mafundi wengi hukudai spea mpya kumbe wamesafisha ile ile. Yeye alikukabidhi kilichotoka, kwenye mfuko, ujionee mwenyewe. Alikuwa akijivunia hilo kama watu wanavyojivunia kuhiji. Kwa hiyo, kichwa kipya kikiwa bado kinasubiriwa kutoka mjini, alichukua kile kichwa kilicholika, na shafti, na vidole vya kusukumia vavu, akavipeleka ukweni ndani ya karai kwa mikono yake mwenyewe. Chujio alikuwa amelisafisha. Njia ya chini alikuwa ameizibua. Kile kichwa hakukikagua. Mtu mwenye haraka ya kuficha huwa hana subira ya kupekua.

"Weka pale uani," mama mkwe alisema. "Hivi si vya kuingia ndani vikiwa na mafuta."

Siku mbili baadaye, mchana, Mkavu alikuwa akipangusa tumbo la pikipiki ya mteja alipomwona mama mkwe wake ng'ambo ya barabara. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu, maana mama yule miguu ilimsumbua na hakuwa mtu wa kutembea juani. Alisimama mbele ya Matone ameshika kisosi kilichofunikwa kwa kingine. Akakifunua. Matone akachungulia, akajifuta mikono, akatikisa kichwa. Akasema maneno machache na kuelekeza kidevu kwenye kijiwe, pale madereva wanapoegesha wakisubiri abiria.

Mama akaenda kijiweni. Akainama, ameshika kiuno, akaitazama pikipiki ya kwanza ubavuni. Akaenda ya pili. Ya tatu akaigusa kwa kidole, pale penye mstari mwekundu, kisha akarudisha kidole kwenye kisosi kana kwamba analinganisha uzi na kitambaa. Dereva mmoja alimuuliza kitu, akajibu bila kugeuka. Mkavu alikuwa bado amepiga magoti, kitambaa mkononi. Mteja wake akamwambia, "Fundi, mbona umenyamaza? Sema basi, unaona nini?"

Mama alivuka barabara. Magari yakamngoja.

"Shikamoo mama," alisema Mkavu, na sauti ile ya ukweni haikutoka vizuri.

"Marahaba. Kesho saa kumi uje nyumbani. Uje na pikipiki yako."

Mkavu alikuwa na siku nzima ya kutunga uongo wa pili, na aliutunga vizuri, wenye mlango wa mbele na wa nyuma. Lakini aliposhuka kwenye pikipiki yake kesho yake na kuingia sebuleni, aliwakuta wamekaa vilevile kama mara ya kwanza, ila sasa kwenye meza, mahali pa shafti, kulikuwa na kisosi. Ndani ya kisosi kulikuwa na kipande cha gundi nyekundu, urefu wa ukucha, kimechongeka umbo la tundu.

"Nilikuwa naviosha vile vyuma kwa mafuta ya taa," mama alisema. "Nikapitisha njiti ya ufagio kila tundu, maana mimi sitaki uchafu. Tundu moja likakataa njiti. Nikasukuma kwa sindano ya kushonea magunia, kikatoka hiki. Hebu nieleze, mkwe wangu, mimi si fundi."

"Mama, injini nyingine hutoka nazo kiwandani."

"Hiki ni cha kiwandani?"

"Inawezekana."

"Mimi nimeuza mafuta ya taa miaka ishirini na mitano," mama alisema. "Mteja akileta chupa, nikimimina yakagoma kushuka, nilikuwa natazama funeli kwanza. Sikumwambia mteja kwamba hakuleta chupa. Sasa mafuta yako chini, kichwani hayafiki, na katikati ya njia kuna hiki. Wewe ulisema haikutoka hata kijiko. Nakuuliza mara moja tu. Ulipofungua ile bolti, kilitoka nini?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Angeweza kuusema, na huenda kaka mkubwa angeushika mkono, maana alikuwa na haja nao. Lakini kitinda mimba alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mashine, unga umemjaa kwenye nyusi na masikioni, na alikuwa akimtazama kwa macho yale yale, ya mtu anayengoja utani uishe. Ilikuwa wiki ya pili anangoja.

"Lita nzima," alisema Mkavu.

"Safi?"

"Safi, mama."

"Na hivi vyekundu, uliviona?"

"Niliviona. Vilikuwa vingi. Nilivichoma."

Kaka mkubwa alikuta viatu vyake vina jambo la kutazama. Mke wa Mkavu aliinuka kwenye mkeka, akaenda kusimama kando ya mdogo wake, akaanza kumpangusa unga kwenye nyusi kwa ncha ya kanga, polepole, huku machozi yakimtoka. Hakumtazama mumewe. Mkavu angependelea kupigwa.

"Kuharibu nimekusamehe," mama alisema. "Mikono hukosea. Hata sakafu nilikulilia mimi mwenyewe, nikasifu kitambaa kama mtoto. Lakini ulikaa kwenye kiti hicho, ukanywa chai yangu, ukamtazama mwanangu akitoa ufunguo wa baba yake, ukanyamaza. Nami nikakuombea baraka. Zile baraka nazidai."

"Nimekosa, mama."

"Mwambie yeye. Mimi sibebi magunia."

Mkavu alimgeukia shemeji yake. Yale maneno mawili aliyoyafikiria chini ya turubai, siku ile yalikuwa mepesi kama pamba. Sasa kila moja lilikuwa na uzito wa gunia. Aliyasema yote mawili, kwa sauti ambayo si ya ukweni wala ya gereji. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani mimi ndiye nimekosea," alisema. "Usiku nilikuwa najiuliza labda kijiti nilikiona vibaya."

Hapo ndipo mama alipotoa hukumu yake. Ufunguo wenye kamba ya ngozi akaurudisha kwa kitinda mimba, ukae kwake hata kama pikipiki haijapona. Kisha akamnyooshea mkwe kiganja, kama alivyomnyooshea mwanawe, na Mkavu akauweka ufunguo wake mwenyewe humo. Mpaka ile ya marehemu itakapotembea, kijana atasambaza mitungi kwa pikipiki ya fundi, na fundi atakwenda kwa miguu. Miguu haivuji, mama alisema, na hakucheka.

Walitoka nje. Mkavu, hata katika siku kama ile, alikuwa na kitu kimoja cha kujishikiza. Pikipiki yake ilisimama uani inang'aa, mstari mwekundu umeizunguka bila kosa. Hiyo ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Alimwonyesha shemeji namna kiki yake inavyotaka kukanyagwa, akampigapiga tangi.

"Hii hutapata nayo shida," alisema, akijaribu kurudisha undugu. "Panda tu."

Shemeji hakupanda. Aliinama akautazama ule mstari kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akaweka gia huru, akashika usukani kwa mikono miwili na kuanza kuisukuma kuelekea geti.

"Mbona huiwashi?" Mkavu aliuliza. "Ni nzima hiyo. Injini yote nimeifunga mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana, shemeji."

Hakulisema kwa dhihaka, na hilo ndilo lililomwuma. Aliisukuma bila kuiwasha mpaka mwisho wa barabara, watu wa kijiweni wakiangalia, akaingia nayo kwa Matone.